Pua Haina Kabila



Katika milima ya Masisi na katika misitu ya Walikale kuna tusi ambalo wengi hawalihesabu kuwa tusi. Anayelitoa hataji kabila la mtu, hashiki fimbo, wala hapandishi sauti. Anakunja pua tu, kisha anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Wale wananuka." Mfugaji wa milimani huambiwa kwamba ananuka maziwa. Mtu wa msituni huambiwa kwamba ananuka moshi. Kijana anayechimba koltani kule Rubaya au kasiterite kule Bisie huambiwa kwamba ananuka shimo. Mama aliyekimbia vita, akalala miezi chini ya hema la plastiki bila sabuni, huambiwa kwamba ananuka kambi. Kwa kuwa hakuna aliyepigwa, tunaona kana kwamba hakuna kosa lililotendeka.

Sisi tunaamini kosa lipo, na si dogo. Tena tunaamini kwamba elimu ya siku hizi kuhusu pua imetuondolea kisingizio tulichozoea kujifichia. Mtu hujitetea akisema, "Mimi sina ubaguzi, ila pua yangu haivumilii." Kwa maneno hayo anaisingizia pua yake jambo ambalo haikulifanya. Ili tuone hivyo, ni lazima kwanza tujue pua inafanya kazi gani na inaishia wapi.

Tuanze na kitu cha kwetu. Masisi ni nchi ya malisho, na jibini lake, lile la duara ambalo wengi wetu hulijua kwa jina la fromaji, huuzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Mtu akilikata, harufu yake hufika kabla ladha haijafika. Kitu chochote chenye harufu hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo molekuli, nazo hupaa hewani. Tunapovuta pumzi, chembe hizo huingia hadi juu kabisa ndani ya pua, mahali penye unyevu palipojaa seli za neva. Juu ya seli hizo kuna protini ziitwazo vipokezi vya harufu. Molekuli ikikaa vizuri ndani ya kipokezi, mfano wa ufunguo katika kufuli, seli hupeleka habari kwenye ubongo. Hapo ndipo tunapopata kujua kwamba kuna harufu.

Vipokezi hivyo vilikuwa fumbo kwa muda mrefu. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, waliokuwa wakiwachunguza panya, walitangaza kwamba wamepata ukoo mkubwa wa jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli zetu, tunayoyarithi kwa baba na mama, yanayoueleza mwili namna ya kutengeneza protini fulani. Mwanadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000. Kati ya hizo, takriban 400 ni za vipokezi vya harufu, yaani karibu jeni moja katika kila 50. Tembo wa Afrika anatuzidi mbali, kwani yeye anazo karibu 2,000. Kwa hiyo hata mwenye kujisifu kwamba pua yake ni kali, na ajue kwamba msituni kuna anayemshinda mara tano.

Kimojawapo cha vipokezi hivyo kinaitwa OR51E2. Jeni yake iko katika kromosomu ya 11, nayo inaagiza protini yenye asidi amino 320 zilizoungana kama shanga katika uzi mmoja. Uzi huo hupenya utando wa seli mara saba, ukiingia na kutoka, na katikati ya mikunjo yake kuna nafasi ndogo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, walifaulu kwa mara ya kwanza kuonyesha umbo la kipokezi cha harufu cha mwanadamu kikiwa kimeshika molekuli yake. Molekuli hiyo ni propionati, ambayo ni mojawapo ya vitu vinavyolipa jibini la aina ya Uswisi harufu yake kali. Ile nafasi ni finyu: propionati inaenea, lakini asidi za jamii hiyo zilizo ndefu zaidi hazipati mahali. Watafiti walipobadili asidi amino moja iliyo ukutani mwa nafasi hiyo, ilipanuka, na zile ndefu zikaweza kuingia. Shanga moja ikibadilika, kipokezi hupokea kitu kingine.

Jambo jingine latufundisha. Kipokezi hicho hicho, OR51E2, hupatikana pia katika tezi dume, mahali ambapo hakuna kunusa kokote. Maana yake ni kwamba kipokezi hakijui jibini wala uchafu, hakijui mgeni wala mwenyeji. Kazi yake ni kushika molekuli inayokifaa na kutoa ishara, basi. Karaha haimo ndani yake.

Lugha yetu yenyewe inalionyesha jambo hili kwa uzuri. Kiswahili husema kwamba tunasikia harufu, kana kwamba harufu hutamka neno. Kisha kikatupa maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu: kunuka na kunukia. Molekuli haina irabu hiyo. Sisi ndio tunaoitia au kuiondoa.

Pengine mtu atasema: kama kufuli ni zile zile kwa watu wote, basi kinachoninukia vibaya mimi ni kibaya kwa kila mtu. Hapana, kwa sababu kufuli si zile zile. Kuna kipokezi kingine kiitwacho OR7D4, ambacho jeni yake iko katika kromosomu ya 19. Hicho hushika molekuli iitwayo androstenoni, inayopatikana katika jasho la mwanadamu na katika nyama ya nguruwe dume asiyehasiwa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller kule New York na wale wa Duke walitangaza waliyoyaona baada ya kuwanusisha watu mamia. Wengine walisema molekuli hiyo inanuka kama mkojo au jasho lililochacha. Wengine walisema ina utamu, mfano wa vanila. Wengine hawakusikia kitu. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na jeni ya OR7D4 yenyewe: kuna namna yake ambayo asidi amino mbili zimebadilika, na aliyeirithi hupokea androstenoni kwa udhaifu.

Tutafakari maana yake. Kaka na dada waliozaliwa tumbo moja, wameketi meza moja, wanaweza kunusa jasho la mtu yule yule, mmoja akasema ni baya na mwingine asisikie chochote. Jasho ni moja, pua ndizo mbili. Basi anayesimama na kutoa hukumu kwamba jamii fulani inanuka, anatoa habari za pua yake kuliko habari za jamii ile.

Hata hivyo jeni haielezi yote. Baada ya kipokezi kutoa ishara, ubongo huuliza: hiki ni nini, na ni cha nani? Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha jaribio lililo rahisi kulielewa. Walitumia harufu yenye asidi inayopatikana katika jibini na pia katika jasho la miguu. Kwa wakati mmoja waliwaonyesha washiriki maneno yasemayo "jibini", na kwa wakati mwingine maneno yasemayo "harufu ya mwili". Harufu ilikuwa ile ile, lakini walipoambiwa ni jibini, waliiona kuwa nzuri zaidi. Hata ubongo wao, uliotazamwa kwa mashine, ulifanya kazi kwa namna tofauti. Neno lilikuwa limetangulia mbele ya pua.

Jaribio la pili latugusa zaidi sisi wa Kivu. Lilichapishwa mwaka 2016, nalo lilifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza. Waliombwa kunusa fulana iliyolowa jasho, yenye nembo ya chuo kingine, si chuo chao. Wale waliokumbushwa kwanza habari za chuo chao waliona karaha kubwa. Wale waliokumbushwa kwamba wao ni wanafunzi, kama mwenye fulana alivyo mwanafunzi, waliona karaha ndogo zaidi. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, watafiti walitazama jinsi washiriki walivyokwenda kunawa baada ya kunusa. Waliojiona kuwa kundi moja na mwenye fulana walikwenda kwa mwendo wa polepole zaidi na kutumia sabuni kidogo. Jasho halikupungua hata tone. Kilichoongezeka ni neno moja: "sisi".

Hili ndilo tunalotaka kulisema, na tunalisema bila kuzunguka. Yule tunayesema ananuka, mara nyingi ni yule tuliyekwisha kumweka nje kabla hajatukaribia. Karaha hufuata mpaka tuliouchora. Pua haina kabila. Kabila tumeipachika sisi.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu kuliko kwa wengine? Kwa sababu historia ya wilaya hizi mbili inatufundisha kwamba dharau ndogo haibaki ndogo. Mwezi wa Machi 1993 machafuko yalianzia sokoni Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yakaenea hadi Masisi, na maelfu ya watu wakapoteza maisha. Soko ni mahali pa harufu zote: samaki mkavu, mawese, maziwa ya mashanza, mihogo iliyolowekwa, makala, ngozi za mbuzi. Watu waliouana walikuwa wakiuziana na kununuliana vitu hivyo. Hatusemi kwamba tusi la harufu ndilo lililoleta vita. Vita vina mizizi ya ardhi, ya uongozi na ya silaha. Tunasema kwamba ni vigumu kumwua mtu unayemwona kuwa mwenzako, na kwamba kila neno linalomwondoa jirani katika "sisi" linarahisisha kazi ya wale wanaotafuta vita.

Leo hatari hiyo iko kwenye mabenchi yetu. Tangu vita vilipowaka upya mwishoni mwa mwaka 2021, familia nyingi za Masisi zimehama zaidi ya mara moja. Zilikwenda Sake, zikaenda kambi za Bulengo na Lushagala karibu na Goma. Baada ya mji huo kutwaliwa mwezi wa Januari 2025, kambi zikaondolewa, na watu wakalazimika kuanza safari tena. Mwezi wa Machi wa mwaka huo vita vilifika hata kwenye mji wa Walikale. Kwa hiyo katika parokia nyingi, katika kwaya na katika vikundi vya vijana, aliyepokelewa na aliyempokea huketi bega kwa bega. Mmoja ana nguo ya kubadili, mwingine hana. Kijana akisogea pembeni kidogo tu, huku ameziba pua, yule aliyeachwa peke yake anaelewa kila kitu. Jumapili inayofuata hatarudi, nasi tutashangaa alikokwenda.

Kuna wengine wanaoumia kwa siri zaidi. Mama aliyepata fistula, ama kwa uzazi wa shida uliocheleweshwa, ama kwa ukatili aliotendewa, hawezi kuzuia mkojo, na pengine hata choo. Hakuna kiasi cha usafi kitakachoondoa harufu hiyo maadamu jeraha lipo. Wengi wao wameachwa na waume zao, wakaacha kwenda sokoni na kanisani, wakaishi kama watu waliokwisha kuzikwa. Ugonjwa huo una tiba: ni upasuaji, nao hufanywa Goma katika hospitali ya HEAL Africa na Bukavu katika hospitali ya Panzi. Ila mama anayeogopa kukaribia watu atapataje kuambiwa habari hiyo? Hapa pua iliyokunjwa ni zaidi ya ukosefu wa adabu. Inamfungia mgonjwa mlango wa kupona.

Tunajua kwamba wengine watatuuliza: je, mnatuambia tusisikie harufu? Mnatetea uchafu? La, hasha. Pua ni zawadi, na usafi ni wajibu. Pua hutuonya kwamba nyumba inaungua, kwamba nyama imeoza, kwamba choo kimefurika karibu na kisima. Asiyejali maonyo hayo anahatarisha afya yake na ya jirani. Lakini zawadi hiyo ina mipaka yake, na wenyeji wa Sake na wa kandokando ya Ziwa Kivu wanaijua vizuri kuliko watafiti wa mbali. Kuna mahali katika mabonde na mashimo ya nchi yetu ya volkeno ambapo hukusanyika hewa nzito iitwayo mazuku. Ni hewa ya ukaa, nayo haina harufu. Huua mbuzi na huua watoto waliokwenda kucheza, bila pua kutoa onyo lolote. Vivyo hivyo maji yenye vijidudu vya kipindupindu yanaweza kuonekana maangavu na yasiwe na harufu hata kidogo. Kumbe kinachonuka si lazima kiue, na kinachoua si lazima kinuke. Pua ni mlinzi mzuri wa mlangoni, ila hatuwezi kumkabidhi kiti cha hakimu.

Tena, harufu ya mtu aliyehama ni ushahidi, wala si hatia. Inashuhudia kwamba maji yako mbali, kwamba sabuni inauzwa kwa fedha ambayo hana, kwamba kuni mbichi hutoa moshi ndani ya hema lisilo na dirisha. Aliyesikia harufu hiyo amesikia habari. Swali la haki la kufuatisha ni hili: nani amekosa maji, nasi tuna nini?

Injili ya Yohane, katika sura ya 11, haikuficha jambo hili. Lazaro alikuwa amekaa kaburini siku nne, na Marta, dada yake aliyempenda, ndiye aliyetoa tahadhari kuhusu harufu. Alisema kweli, na Bwana hakumkemea kwa kuisikia. Lakini hakuruhusu harufu iamue kama jiwe liondolewe au libaki. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Misa ya Krisma ya tarehe 28 Machi 2013, aliwataka mapadre wawe wachungaji wenye kubeba harufu ya kondoo wao. Sisi watoto wa nchi ya mifugo hatuhitaji kufafanuliwa maneno hayo. Aliyekaa na ng'ombe hunuka ng'ombe, na asiyenuka chochote pengine hajakaa na mtu yeyote.

Basi tunapendekeza mambo matatu, yote yaliyo ndani ya uwezo wa kikundi cha vijana kisicho na fedha.

La kwanza ni la ulimi. Tukubaliane kwamba katika mikutano yetu, katika mechi zetu na katika safari zetu, maneno "wale wananuka" hayatamkwi, hata kwa mzaha, hata kwa lugha ya nyumbani ambayo mlengwa haielewi. Akiteleza mmoja, mwenzake amkumbushe palepale kwa upole, bila kungoja mkubwa.

La pili ni la mikono. Maji na sabuni viwe kazi ya kikundi kizima, wala visiwe zawadi inayomwaibisha mpokeaji. Pawe na ndoo ya maji ya kunawa mlangoni kwa kila aingiaye, mwenyeji na mgeni. Siku ya kwenda mtoni tufue pamoja, nguo za wote. Anayehitaji atapata bila kunyoshewa kidole, na asiyehitaji atajifunza kubeba maji ya mwenzake.

La tatu ni la miguu. Tuwatembelee wale waliojitenga kwa sababu ya harufu ya ugonjwa, hasa akina mama, tukiongozana na mama zetu wa parokia wanaojua namna ya kuzungumza nao kwa heshima. Tukae, tusikae kwa haraka. Wanaonusa husema kwamba baada ya dakika chache pua huizoea harufu na kuacha kuitangaza. Hilo nalo ni jambo la kweli katika mwili, kwani vipokezi hupunguza ishara zake mbele ya harufu isiyobadilika. Pua yenyewe imeumbwa ili iweze kukaa na jirani. Inachohitaji ni sisi tusiondoke mapema.

Katika mkutano wenu ujao, someni ukurasa huu kwa sauti, kisha kila mmoja ajibu swali moja tu: ni nani ambaye nimekaa mbali naye kwa sababu ya harufu, na ni nani aliyenifundisha kukaa mbali? Msitaje majina hadharani. Kila mmoja alichukue jibu lake, na Jumapili akae karibu na mtu huyo.